Mafuta na gesi ya Aktiki: barafu ikiyeyuka, kazi inakuwa ngumu zaidi

Kila barafu ya Bahari ya Aktiki inapopungua, hufuata habari kwamba njia sasa imefunguka: mafuta na gesi ya kaskazini ya mbali yatachimbwa kwa urahisi, na mataifa makubwa yanakimbilia kugawana. Kwa upande wa meli, habari hizo zina ukweli kiasi. Kwa upande wa uchimbaji, zimepinduka miguu juu. Mafuta mengi ya Aktiki yanatoka nchi kavu hadi leo, na huko baridi ndiyo barabara ya mchimbaji, ndiyo msingi wa kambi yake, na ndiyo inayoshikilia nguzo za bomba lake zisizame. Baridi ikilegea, gharama inapanda.

Takwimu inayonukuliwa kila mahali ilitolewa mwaka 2008 na Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS). Ilisema kaskazini mwa mstari wa Aktiki huenda kuna mapipa bilioni 90 ya mafuta na futi za ujazo trilioni 1,669 za gesi, yaani takriban asilimia 13 ya mafuta na asilimia 30 ya gesi ambayo dunia bado haijaigundua. Neno "haijaigundua" ndilo la kukazia macho. Haya ni makadirio ya wanajiolojia kutokana na aina ya miamba, hakuna aliyeyapima kwa kisima. Tena hesabu hiyo haikuweka gharama kabisa, na ilichukulia kwamba barafu ya bahari na kina cha maji havizuii kuchimba. Asilimia 84 ya utajiri huo uko chini ya bahari. Kwa hiyo anayetaja mapipa bilioni 90 kama akiba iliyopo ghalani anataja kitu ambacho sehemu yake kubwa haijaonekana, na hata kikionekana huenda kisilipe.

Ugomvi wa nani anamiliki nao umekuzwa. Bendera ambayo Urusi iliisimika chini ya bahari kwenye Ncha ya Kaskazini Agosti 2007 haikubadili kitu kisheria. Sehemu kubwa ya mafuta na gesi hiyo iko ndani ya maili 200 za baharini kutoka pwani, eneo ambalo Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa tayari imempa mwenye pwani. Norway na Urusi zilibishana kuhusu Bahari ya Barents kwa takriban miaka 40, kisha zikagawana kwa mkataba mwaka 2010. Suala gumu zaidi ni la fizikia.

Joto chini, barafu juu

Pale Prudhoe Bay, eneo la mafuta kwenye pwani ya kaskazini ya Alaska, Marekani, ardhi imeganda hadi karibu mita 600 kwenda chini. Hii ndiyo pemafrosti: udongo, mchanga na barafu vilivyoshikamana na kubaki chini ya nyuzi sifuri mwaka hadi mwaka. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, sentimita 30 hadi 60 hivi. Ikiwa imeganda, ardhi hiyo inabeba mtambo wa maelfu ya tani bila kutikisika. Ikiyeyuka, barafu iliyokuwa ndani inakuwa maji, maji yanapata njia ya kutoka, na ardhi inadidimia. Na haididimii sawasawa, kwa sababu barafu ya ndani haikugawanyika sawasawa: hapa kuna mchanga mkavu, hatua chache mbele kuna pande la barafu tupu.

Sasa chini ya hiyo barafu, kwenye kina cha karibu kilomita 2.7, kuna mafuta yenye joto la nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Yakitolewa, hupita katikati ya mita 600 za ardhi iliyoganda, usiku na mchana, kwa miaka 30 au 40. Kuta za kisima zinapata joto, joto linahamia kwenye udongo, na duara la udongo ulioyeyuka linapanuka kuzunguka kisima mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana kisima cha Aktiki hakijengwi kama cha kwingine. Bomba la ndani hufunikwa kwa kizuia joto au huwekwa ndani ya bomba jingine, na nafasi kati yao hujazwa kimiminika kizito kisichosafirisha joto haraka. Saruji ya kawaida haiwezi kukauka kwenye udongo wa baridi hiyo, maji yake huganda kabla haijashika, kwa hiyo hutumika saruji iliyochanganywa mahsusi. Visima havisongamani mno, maana maduara ya udongo ulioyeyuka yakikutana, eneo zima linalegea. Na kesingi, yale mabomba ya chuma yanayoshikilia kuta za kisima, lazima iketi kwenye mwamba ulio chini ya pemafrosti.

Ikiketi ndani ya pemafrosti yenyewe, matokeo yake yalionekana Aprili 2017. Kisima cha zamani cha kampuni ya BP huko Prudhoe Bay kilianza kuvuja gesi na kurusha mafuta. Udongo ulioyeyuka ulikuwa umedidimia na kuvuta kesingi ya nje kwenda chini, mzigo ukaelemea upande, chuma kikashindwa, na vifaa vya kichwa cha kisima vikainuka karibu mita moja juu ya ardhi. Baada ya hapo kampuni ikalazimika kufunga visima vingine vyenye muundo kama huo.

Juu ya ardhi kanuni ni hiyo hiyo. Kambi, mitambo na barabara za kudumu hukaa juu ya changarawe yenye unene wa angalau mita 1.5. Unene huo una sababu: kuyeyuka kwa kiangazi kunatakiwa kuishie ndani ya changarawe, kusifikie udongo wa asili. Majengo yenye joto huinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini. Mhandisi akipunguza changarawe ili aokoe fedha, nyufa zitamjibu baada ya miaka michache. Hata vumbi la barabara lina madhara: likitua juu ya theluji huifanya iwe nyeusi, ikanyonya jua, ikayeyuka mapema, na kando ya barabara yakatokea madimbwi yanayozidi kuyeyusha ardhi iliyo chini yake.

Barabara inayotengenezwa kwa maji

Changarawe ni ghali na huacha kovu lisilofutika, kwa hiyo kazi za utafutaji hufanywa kwenye barabara za barafu zinazodumu kwa msimu mmoja. Kazi huanza kwa kusubiri ruhusa. Jimbo la Alaska hupima joto la udongo: kwenye kina cha sentimita 30 lazima liwe limeshuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, na theluji iwe imefika sentimita 15 pwani au 23 kwenye miinuko. Kabla ya hapo gari zito likipita linachana mizizi na nyasi za tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, na alama za matairi hubaki kwa miongo.

Ruhusa ikitoka, magari yenye matairi mapana yasiyo na upepo mwingi hutangulia kushindilia theluji. Theluji laini ni blanketi inayozuia baridi isipenye, ikishindiliwa baridi inaingia. Kisha hutobolewa matundu kwenye maziwa ya karibu, na malori ya maji yanaanza kumwaga tabaka kwa tabaka. Mdomo wa pampu huwekewa wavu ili usinyonye samaki, na kibali hutaja kiasi cha maji kinachoruhusiwa kutolewa kwenye kila ziwa, maana samaki waliobanwa chini ya barafu wakipunguziwa maji watakosa hewa. Ili kwenda haraka, mashine hukwangua barafu ya juu ya ziwa, vipande vikatandazwa barabarani na kumwagiwa maji yakagandana. Unene unaotakiwa ni sentimita 15 au zaidi. Kila kilomita hula zaidi ya lita milioni 2 za maji. Majira ya kuchipua, kabla ya mafuriko, barabara hukatwa mifereji kila inapovuka kijito ili isigeuke bwawa.

Barabara hizo huwa tayari kati ya Desemba na Februari, na hufa mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ndani ya dirisha hilo lazima mtambo upelekwe, uchimbe, ujaribu kisima na urudi. Kilichobaki nyuma kinasubiri mwaka ujao au kinaletwa kwa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 siku za kuruhusiwa kupita kwenye tundra zilizidi 200 kwa mwaka. Miaka 30 baadaye zilikuwa karibu 100. Kampuni iliyopanga visima vitatu kwa msimu hujikuta inachimba viwili, na gharama za kambi, mitambo na mishahara zinabaki zile zile. Hapa ndipo joto la dunia linapomgharimu mchimbaji mwenyewe moja kwa moja.

Bomba la Alaska na tatizo la mafuta machache

Prudhoe Bay iligunduliwa mwaka 1968. Bahari yake imefungwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka, ikabidi mafuta yasukumwe kusini hadi bandari ya Valdez isiyoganda. Bomba la Trans-Alaska lina urefu wa kilomita 1,287 na kipenyo cha inchi 48, liligharimu dola bilioni 8, na mafuta ya kwanza yaliingia Juni 20, 1977, yakafika Valdez Julai 28.

Mabomba mengi duniani huzikwa. Hili lingezikwa lote, joto la mafuta lingeyeyusha pemafrosti na bomba lingekosa pa kulalia. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya njia, kilomita 676 hivi, limeinuliwa juu ya nguzo zipatazo 78,000 zilizosimama jozi jozi. Palipo na mwamba au mchanga mkavu limezikwa kawaida. Na sehemu chache ambako lazima lipite chini, kwa ajili ya barabara au njia ya wanyama, limezikwa pamoja na mabomba madogo ya maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mashine. Yaani kuna jokofu chini ya ardhi ya Alaska.

Nguzo zenyewe zinapitisha joto, na kiangazi zingeweza kuyeyusha udongo unaozishika. Ndani ya nyingi kati yao kuna mirija miwili iliyofungwa kabisa, yenye amonia ndani. Wakati wa baridi, chini ya ardhi kuna joto kuliko hewa ya juu. Amonia iliyo chini huchemka, mvuke unapanda hadi kwenye mapezi ya alumini juu ya nguzo, unapoa, unageuka kimiminika na kutiririka tena chini. Kila mzunguko unatoa joto ardhini. Kiangazi hewa ya juu ikiwa na joto, mvuke haupati pa kupoa na mzunguko unasimama wenyewe. Hakuna pampu, umeme, wala wa kuwasha. Iko mirija takriban 124,000 ya namna hii. Wapita njia hudhani yale mapezi ni mapambo, kumbe bila hayo nguzo zingekuwa zimeegama zamani.

Bomba halikwenda mstari mnyoofu pia. Chuma kikibadilika joto kwa nyuzi 100, kilomita moja inarefuka kwa karibu mita 1.2. Lingenyooshwa, lingejikunja au kuvunja nguzo zake. Likaundwa kwa mikunjo, na likawekwa juu ya viatu vinavyoteleza kwenye mihimili, liweze kusogea kando. Muundo huo uliokoa jahazi Novemba 3, 2002, tetemeko la ukubwa wa 7.9 lilipopasua ufa wa Denali. Ardhi chini ya bomba ilihama zaidi ya mita 4. Baadhi ya viunzi viliharibika, mafuta hayakumwagika.

Adui wa sasa ni mwingine kabisa: mafuta yamepungua. Mwaka 1988 bomba lilipitisha zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku, na mafuta yalifika Valdez kwa siku 4 na nusu yakiwa bado na joto. Mwaka 2024 yalikuwa takriban mapipa 465,000, na safari ile ile inachukua zaidi ya wiki mbili. Mafuta yanayokwenda polepole yanapoa njiani, na kupoa kunaleta mambo mawili. La kwanza ni nta. Chini ya nyuzi 24 hivi, nta iliyomo inaanza kujitenga na kuganda kwenye kuta, kama mafuta ya nazi yanavyogandamana chupani asubuhi ya baridi. La pili ni maji. Mafuta ghafi hubaki na maji kidogo. Mwendo ukiwa wa kasi yanabebwa yakiwa yamechanganyika, ukipungua yanazama na kukusanyika mabondeni, yakiganda yanaweza kuziba vali au kuharibu vyombo.

Dawa ya nta ni pigi, chombo kinachosukumwa na mafuta ndani ya bomba huku kikikwangua kuta. Ila pigi nalo lina hatari yake: likisukuma nta nyingi kuliko linavyoweza, linakwama. Dawa ya baridi ni kuongeza joto, na baadhi ya vituo vya pampu hufanya hivyo kwa kuzungusha mafuta yale yale mara kadhaa ili msuguano uyapashe. Januari 2011 uvujaji uligunduliwa kwenye jengo la kituo cha pampu namba 1, bomba likazimwa kwa siku kadhaa katikati ya baridi kali. Kilichowanyima waendeshaji usingizi hakikuwa ule uvujaji mdogo. Walihofia kwamba mafuta yaliyosimama yangepoa mno, maji yangeganda ndani, na bomba lisingeweza kuwashwa tena hadi kiangazi. Wakaliwasha kwa muda kabla ya matengenezo kukamilika ili tu lipate joto.

Anayedhani shida hii ni ya nchi za theluji pekee atazame bomba la EACOP, la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Limesanifiwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima, mafuta yabaki juu ya nyuzi 50, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda hata kwenye joto la kawaida la Ikweta. Bomba la Alaska lilijengwa bila mfumo wa namna hiyo: joto la kisima na wingi wa mafuta vilitosha. Wingi ulipoisha, hesabu ikabadilika.

Kutu nayo hupenda mwendo wa polepole. Machi 2006, bomba la kukusanyia mafuta ndani ya eneo la Prudhoe Bay lilitoboka, mapipa yapatayo 5,000 yakamwagika kwenye tundra, mmwagiko mkubwa kuliko wote katika eneo hilo. Tope na maji vilikuwa vimetulia chini ya bomba, bakteria wakafanya kazi yao, na bomba lilikuwa halijapitishwa pigi kwa miaka mingi. Theluji iliyofunika ikachelewesha kugundulika. Tundu lilikuwa dogo, kwa hiyo vipimo vya mgandamizo havikupiga kelele.

Baharini: shida ni kalenda

Karibu na pwani, kwenye maji mafupi, ufumbuzi umekuwa kujenga kisiwa. Northstar, kaskazini-magharibi ya Prudhoe Bay, ni kisiwa cha changarawe kilichoanza kutoa mafuta mwaka 2001 kupitia bomba lililozikwa chini ya bahari hadi nchi kavu. Lilizikwa zaidi ya mita 2 chini ya sakafu kwa sababu mbili. Mapande ya barafu yaliyobebana hukwaruza sakafu ya bahari yakisukumwa na upepo, na mifereji yao inaweza kufika zaidi ya mita moja. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Majira ya kuchipua mito huyeyuka kabla ya bahari, mafuriko yanatambaa juu ya barafu ya bahari, kisha yanapata tundu na kudidimia kwa nguvu kama mrija wa zimamoto. Yakigonga sakafu huchimba shimo la mita kadhaa. Bomba likiwa hapo linabaki likining'inia bila kitu chini yake.

Mbali na pwani visiwa haviwezekani, na hapo swali linakuwa la tarehe. Kisima cha Deepwater Horizon kililipuka Ghuba ya Mexico Aprili 20, 2010. Kilizibwa juu baada ya siku 87, na kisima cha pembeni kilichochimbwa ili kukiua kabisa kilikamilisha kazi Septemba 19. Miezi mitano, kwenye maji ya joto, na meli na bandari zikiwa jirani. Bahari ya Chukchi, kaskazini-magharibi ya Alaska, huwa wazi takriban Julai hadi Oktoba. Kisima kikilipuka Septemba, barafu inafunga kabla kisima cha pembeni hakijafika chini, na mafuta yanaendelea kutoka hadi kiangazi kijacho. Ndiyo maana kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 2016 zilitaka kampuni iwe na mtambo wa pili wa kuweza kuchimba kisima hicho msimu ule ule, na iache kuchimba kwenye tabaka za mafuta mapema, siku zibaki za kutosha. Maana yake: mitambo miwili ya kulipia, na msimu mfupi unaofupishwa zaidi.

Shell iliyajua haya kwa pesa yake. Mwaka 2008 ililipa dola bilioni 2.1 kwa leseni za Chukchi. Desemba 31, 2012, mtambo wake Kulluk, ukivutwa kuelekea kusini, ulikatika kamba kwenye dhoruba na kukwama ufukweni karibu na kisiwa cha Kodiak. Ripoti ya Walinzi wa Pwani ilitaja kwamba hamu ya kutoka kwenye maji ya Alaska kabla ya siku ya kodi ilichangia uamuzi wa kusafiri. Mwaka 2015 walirudi, wakachimba kisima kimoja, Burger J, cha futi 6,800. Kilikuwa na dalili za mafuta na gesi, lakini kisichotosha. Septemba hiyo wakaondoka, wakiwa wametumia kama dola bilioni 7.

Mafuta yakimwagika kwenye barafu, mambo mengine huwa nafuu na mengine mabaya. Nafuu: baridi hupunguza kasi ya kusambaa, na mafuta yakibaki mazito, unene wa milimita 2 au 3, yanaweza kuchomwa pale pale. Baya: yakiingia chini ya barafu, barafu mpya huota chini yake ndani ya siku chache na kuyafunga katikati. Hapo hayaonekani, hayanuki, na yanasafiri na barafu popote inapokwenda. Majira ya kuchipua mafuta yanapanda kupitia vijitundu ambamo chumvi ilitokea, na kujitokeza juu mbali na yalipomwagika. Mashine za kukwangua mafuta huziba kwa vipande vya barafu, na maboya ya kuzuia hupasuka. Miezi ya giza hakuna ndege ya kuyatafuta kwa macho.

Bahari ya Barents upande wa Norway ni habari tofauti, kwa sababu mkondo wa joto kutoka Atlantiki huiacha wazi mwaka mzima. Goliat, moja ya sehemu za mafuta za huko, ilianza kutoa mafuta mwaka 2016, nyingine, Johan Castberg, Machi 2025. Kuziweka kwenye kapu moja na Chukchi kwa sababu tu zote ziko juu ya latitudo 70 ni kosa la kawaida la wanahabari.

Gesi: ipo, lakini itafikaje sokoni?

Pamoja na mafuta, Prudhoe Bay ina gesi nyingi mno. Tangu 1977 sehemu kubwa ya gesi hiyo hutenganishwa na mafuta na kusukumwa tena ardhini, futi za ujazo bilioni kadhaa kila siku. Haipotei bure, inasaidia kusukuma mafuta. Lakini kuuzwa haiuzwi, kwa kuwa hakuna bomba la gesi. Mpango wa sasa ni bomba la maili 807 hadi kusini ya Alaska na kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika, kwa makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi ya dola bilioni 40 na zaidi. Mipango ya kabla yake ilikufa mmoja baada ya mwingine. Watanzania wanaoufuatilia mradi wa Lindi wanaijua hali hii: gesi ya kina kirefu imegunduliwa, kampuni za Equinor ya Norway na Shell zipo mezani, na bado kiwanda kinasubiri uamuzi wa uwekezaji. Gesi bila mnunuzi aliyesaini mkataba wa miaka 20 haijengewi kitu.

Equinor hiyo hiyo ndiyo inayoendesha Snøhvit, gesi ya chini ya bahari inayosafiri kilomita 143 kwa bomba hadi kisiwa cha Melkøya, Hammerfest, Norway. Ilianza 2007. Septemba 2020 moto uliwaka kiwandani na kukifunga hadi katikati ya 2022.

Waliofanikiwa zaidi ni Warusi. Yamal LNG, mradi wa gesi ya kimiminika (LNG) kwenye bandari ya Sabetta, ilipakia shehena ya kwanza Desemba 2017, mradi wa dola bilioni 27 wenye wanahisa Novatek, Total ya Ufaransa na Wachina. Hapa baridi ni faida: gesi hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na mahali ambapo hewa yenyewe ina baridi kali mashine hula nishati kidogo. Viwanda vilijengwa vipande vipande kwenye karakana za Asia na kuletwa kwa meli, maana fundi mmoja kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hafanyi kazi ya fundi mmoja.

Ufunguo wa Yamal ni meli 15 zilizoundwa Korea Kusini, kila moja ikibeba mita za ujazo 172,600. Hupasua barafu ya mita 2.1 bila kusindikizwa. Panga zake za kusukumia zimefungwa kwenye mitambo inayozunguka pande zote, na kwenye barafu nene meli hugeuka ikaenda kinyumenyume: panga zinasaga barafu na kuvuta maji yanayolainisha njia. Ni meli ghali, kwa hiyo hazipotezi muda kwenye maji ya wazi. Zilikuwa zikipeleka mzigo Ulaya na kuuhamishia kwenye meli za kawaida. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku uhamishaji huo bandarini kwake kuanzia Machi 2025, baadhi ya safari zikarefuka.

Ndugu yake, Arctic LNG 2, aliwekewa vikwazo na Marekani Novemba 2023. Kiwanda kilikuwa tayari, gesi ilikuwepo, lakini meli za kuvunja barafu hazikutosha na wanunuzi walikaa mbali. Mzigo wa kwanza kufika kwa mnunuzi ulitua Beihai, China, Agosti 2025. Gesi iliyokuwa tayari ilizuiliwa na makaratasi.

Wenyeji hawana msimamo mmoja

Huko Alaska, Wainupiati wa pwani ya kaskazini waliunda serikali yao ya mitaa mwaka 1972, na karibu mapato yote ya serikali hiyo hutokana na kodi ya mali za kampuni za mafuta. Shule, zahanati, maji ya bomba na zimamoto vinalipwa hapo. Viongozi wengi wa Kaktovik, kijiji pekee kilicho ndani ya Hifadhi ya Aktiki, hifadhi ya wanyamapori ya Marekani, wanataka uchimbaji. Wagwich'in walio kusini ya milima wanaupinga kwa nguvu zote, kwa kuwa kundi la kulungu wa Aktiki wanalolitegemea kwa chakula huzalia kwenye pwani hiyo hiyo. Lakini hao Wainupiati wanaokubali visima vya nchi kavu, wengi walipinga vya baharini kwa sababu ya nyangumi. Na Nuiqsut, kijiji kilichozungukwa na mitambo, meya wake alipinga mradi wa mafuta wa Willow huku majirani wakiuunga mkono. Anayeandika "wenyeji wanasema" bila kutaja kijiji hajafika mbali.

Willow, wa kampuni ya ConocoPhillips, uliidhinishwa Machi 2023: majukwaa matatu ya changarawe, makadirio ya mapipa milioni 600 katika miaka 30, mafuta ya kwanza kutarajiwa 2029. Kilele chake cha mapipa 180,000 kwa siku kingelitia bomba la zamani nguvu mpya, kwa sababu gharama ya kuliendesha hugawanywa kwa idadi ya mapipa: yakipungua, kila pipa linalipa zaidi, na visima vidogo vinaacha kulipa. Mwenye bomba na mwenye kisima kipya wanahitajiana.

Hifadhi ya Aktiki yenyewe ndiyo inayoonyesha bei ya haya yote. Bunge la Marekani liliifungua mwaka 2017, likitegemea serikali kuu kupata zaidi ya dola bilioni moja kwenye minada miwili. Mnada wa kwanza, Januari 2021, uliingiza dola milioni 14.4, na mnunuzi mkuu alikuwa wakala wa jimbo lenyewe. Kampuni kubwa hazikujitokeza, na benki kubwa za Marekani zilikuwa tayari zimetangaza kutokopesha uchimbaji wa huko. Mnada wa pili, Januari 2025, haukupata ofa hata moja. Sheria ya Julai 2025 imeagiza minada mingine minne ndani ya miaka kumi. Kabla ya kuweka ofa, kampuni itapiga hesabu ya miaka ya barabara za barafu, ya changarawe ya kuchimbwa na kusafirishwa, ya bomba jipya la kuunganisha hadi kituo cha pampu namba 1, na ya kesi za mahakamani, kabla pipa la kwanza halijauzwa.